Rekodi ya dunia si medali ya dhahabu

Wengi hudhani mnyanyua vyuma Mrusi Tatiana Kashirina, kwa rekodi zake zote, lazima awe bingwa wa Olimpiki. Hajawahi.

London 2012, uzani wa zaidi ya kilo 75, alinyanyua kilo 151 kwa mkupuo mmoja, rekodi ya dunia, akimwacha Mchina Zhou Lulu kwa kilo 5. Lakini mshindi hupatikana kwa jumla ya mitindo miwili. Katika ule wa kupandisha chuma mabegani kwanza, Zhou aliinua 187, Kashirina 181. Jumla: 333 kwa 332. Kilo moja tu!

Mwaka 2014 Kashirina akafikisha jumla ya kilo 348. Rio 2016 timu ya Urusi ya kunyanyua vyuma ikafungiwa kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku.