Kwa Nini Kiharusi cha Ubongo Kishughulikiwe Mgongoni?

Kiharusi hudhuru ubongo, na mguu wa upande wa pili hudhoofika. Mbona basi watafiti hubandika elektrodi, yaani vibandiko vya kupitishia umeme, kwenye ngozi ya mgongo, karibu na kiuno, mahali ambapo kiharusi hakikugusa?

Wengi hudhani kwamba umeme huo huikaza misuli ya mguu moja kwa moja. Kifaa cha namna hiyo kipo, lakini hubandikwa mguuni, aghalabu chini ya goti, ili kuinua wayo katika kila hatua. Umeme wa mgongoni, kwa kiwango kinachotumika katika mazoezi ya kutembea, hauamuru hatua yoyote, wala haufufui seli zilizokufa ubongoni. Kosa la msingi ni kuuona uti wa mgongo kuwa njia tu ya kupitishia amri, ilhali una mtandao wake wa kupanga mwendo. Mwaka 1911 mtafiti wa Uskoti, Thomas Graham Brown, alionyesha kwamba misuli ya miguu ya paka aliyekatwa uti wa mgongo, pamoja na neva zinazoleta hisia kutoka miguuni, bado iliweza kupokezana kukaza na kulegea kwa mdundo wa kutembea.

Umeme unaopita kwenye ngozi huziamsha kwanza neva nene za hisi pale zinapoingia katika uti wa mgongo, nazo huzichochea seli zinazoendesha misuli. Seli ya aina hiyo ni kama mtungi usiotoa ishara mpaka maji yafurike. Baada ya kiharusi, ubongo humimina kidogo tu, na maji hayafiki ukingoni. Umeme hupandisha kina mpaka karibu na ukingo, ili kile kidogo kinachotoka ubongoni kitoshe kufurisha. Ndiyo maana tiba hii huambatanishwa na mazoezi: asiyejaribu kutembea hana cha kuongeza mtungini. Umeme ukizidi, mtungi hufurika wenyewe na mguu hushtuka bila kuamriwa, kwa hiyo nguvu yake hupimwa kwa kila mgonjwa.

Matokeo kwa waliopata kiharusi yanatia moyo, lakini tafiti nyingi zimehusisha watu wachache, na mazoezi yenyewe huboresha mwendo hata pasipo umeme. Isitoshe, kwa baadhi ya watu walioumia uti wa mgongo, umeme wa namna hii, ukipigwa mara 50 kwa sekunde, umepunguza ukakamavu wa misuli, jambo ambalo mfano wa mtungi hauwezi kulieleza.