Kuhama Windows Kwenda Linux: Yasemwayo Mwembe Tayari na Ukweli Wake

Tangu Oktoba 2025 naletewa laptopu zilizohukumiwa kufa na hazina ugonjwa. Mwenyewe huniwekea mezani akanieleza kwamba huko Mwembe Tayari ameambiwa imekwisha, atafute nyingine. Naiwasha, inawaka. Betri inashika, kioo hakina ufa, kibodi haijapoteza hata herufi moja. Nafundisha kompyuta hapa Majengo, Mombasa, nyakati za jioni, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwashika watu mkono wanapohama kutoka Windows kwenda Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, tena wa bure. Mashine huhama kwa saa moja. Mwenye mashine huchukua majuma, na mara nyingi anacheleweshwa na maneno aliyokuja nayo kutoka nje.

"Laptopu imekufa, haikubali Windows 11"

Kilichotokea tarehe 14 Oktoba 2025 ni kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10. Hakuna mashine iliyozimwa siku ile. Inaendelea kufanya kazi, ila tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo halizibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Kwa anayefungua akaunti ya benki kwenye laptopu hiyo, hilo ni jambo la kushughulikia, lakini si la kumfanya akope pesa ya kununua nyingine.

Windows 11, iliyotoka 2021, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sisi hapa mjini wengi wetu tumenunua ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6. Ukitaka kujua yako, soma kibandiko au ukurasa wa taarifa za mashine: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Iliyokataliwa na Windows 11 hupokea Linux Mint, toleo la Linux ninalowawekea watu, bila ubishi. Watengenezaji wa Mint wanataka RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ya GB 2 kwa uchache na wanapendekeza GB 4.

Hapo hapo niseme kinyume chake, maana wako wanaodhani Linux huifufua mashine ikawa kijana. Haifanyi hivyo. Mfumo wenyewe utakuwa mwepesi, lakini kivinjari kikifunguliwa kurasa ishirini hula RAM ile ile iliyokuwa ikiliwa zamani. Laptopu yenye diski ya kuzunguka nafuu yake kubwa ni kubadilishiwa SSD, diski isiyozunguka, na hilo ni kweli kwa mfumo wowote.

"Linux ni ya mainjinia, ni kuandika amri kwenye kisanduku cheusi"

Mwenye kusema hivi huwa ana Linux mfukoni, kwa kuwa kiini cha Android ni Linux, kile kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Katika Mint, menyu iko pembe ya chini kushoto, saa iko kulia, madirisha yanafungwa kwa alama ya X. Programu mpya unazipata kwenye duka lake la programu, unabofya, unaweka nenosiri, unangoja.

Kisanduku cheusi, kiitwacho Terminal, kipo na kina manufaa yake. Mwanafunzi wangu aliye Likoni akikwama, sina haja ya kumwelekeza bofya hapa, sasa bofya pale. Namtumia mstari mmoja kwa WhatsApp, anaunakili, umekwisha. Ila ajue jambo moja ambalo huwashtua wote: ndani ya kisanduku hicho Ctrl na C haziigi maandishi, zinasimamisha kazi inayoendelea. Kunakili ni Ctrl, Shift na C. Na usibandike mstari uliotoka kwa mtu usiyemjua, hasa unaoanza na neno sudo, kwa sababu neno hilo humpa mamlaka ya mashine nzima.

"Programu zangu zitahama pamoja nami"

Hili ndilo linalovunja moyo watu wengi, na halisemwi mapema kwa sababu wenye kuipenda Linux huogopa kumkimbiza mgeni. Mimi nalisema siku ya kwanza. Faili za .exe zimejengwa kwa ajili ya Windows. Iko programu iitwayo Wine, iliyoanza 1993, ambayo huendesha baadhi yake, na baadhi huzigomea. Microsoft Office ya kuweka kwenye mashine haitolewi kwa Linux. Photoshop pia haitolewi, wala CorelDRAW, na mafundi wa kadi za harusi hapa mjini wengi wanaishi kwa CorelDRAW. Kijana mwenye kazi hiyo alipokuja kwangu nilimwambia abaki na Windows upande mmoja wa diski, Linux upande wa pili. Zipo Inkscape ya kuchora na GIMP ya picha, ni nzuri, lakini huwezi kumwambia mtu ajifunze chombo kipya juma ambalo ana oda za kadi mia tatu.

Kwa barua, ripoti na hesabu za kawaida, LibreOffice inatosha, nayo hufungua na kuhifadhi faili za .docx na .xlsx. Hapo ndipo huja lalamiko la pili: "Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja, sasa ni mmoja na mistari mitatu." Watu hudhani faili limeharibika. Chanzo ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na haziji na Linux, hivyo mfumo huweka fonti nyingine yenye herufi za upana tofauti, na mistari inasogea. Ziko fonti mbili zilizochongwa kwa vipimo vile vile: Carlito mahali pa Calibri, Caladea mahali pa Cambria. Ukiziweka, barua hurudi ukurasa mmoja. Kwa Times New Roman na Arial, Liberation hufanya kazi hiyo na kwa kawaida huwa imo tayari.

Ustadhi mmoja wa madrasa aliniletea mtihani wake, nusu Kiswahili na nusu Kiarabu, amesikitika kwelikweli.

"Mwanangu, Kiarabu chote kimekwenda upande. Vitone vya swali viko mwanzo wa mstari."

"Ustadhi, hakijaharibika. Haijaambiwa tu kwamba unaandika kutoka kulia."

Tulifungua mipangilio ya lugha ndani ya LibreOffice, tukawasha maandishi ya Kiarabu, vikatokea vitufe viwili vya mwelekeo wa aya. Kisha kwenye mipangilio ya kibodi ya mfumo tukaongeza Kiarabu, akawa anabadilisha kwa kubofya alama ndogo karibu na saa. Kwa mji huu, ambako mtu huandika lugha tatu kabla ya adhuhuri, naona hili lingefundishwa mwanzo kabisa. Na Kiswahili nacho kimo kwenye LibreOffice. Kazi ya kutafsiri programu za namna hii si ya jana: mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mambo ya serikali yanayofanyika ndani ya kivinjari, kama eCitizen, hayajali mfumo ulio nao. Tahadhari iko kwenye fomu za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, kama zile za ritani ya kodi. Makro zake zimeandikwa kwa ajili ya Excel na ndani ya LibreOffice zinaweza kukwama. Usingoje tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani, ndipo ujaribu.

"Linux haina virusi"

Vichache, ndiyo. Programu hutoka kwenye hazina moja inayokaguliwa, na huwezi kugusa sehemu nyeti za mfumo bila nenosiri. Virusi vile vya flashi vya kwenye saiba, vinavyogeuza folda zako kuwa njia za mkato, havitakuathiri. Lakini vitabaki ndani ya flashi, na utampelekea jirani. Kuhusu tapeli anayekutumia kiungo cha ukurasa wa benki wa uongo, huyo anataka nenosiri lako, na ukiliandika mwenyewe hakuna mfumo utakaokuokoa.

"Kujaribu ni kufuta kila kitu"

Hapana. Chukua flashi ya GB 8, iandikie Mint, iwashe laptopu kutokea kwenye flashi hiyo. Utaona mfumo mzima unafanya kazi na diski yako haijaguswa. Utakuwa mzito kidogo, kwa kuwa flashi ni polepole. Tumia muda huo kuuliza maswali matatu: waifai inashika? Sauti inatoka? Printa inaonekana? Kadi za waifai za Broadcom huwa na vitimbi, zinahitaji draiva, programu ndogo ya kuiendesha kadi, ambayo lazima ipakuliwe, na huna intaneti ya kuipakulia. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa ugavi wa intaneti kwenye simu, laptopu itaipata mara moja.

Hatari huanza unapoamua kuiweka kabisa. Kuna chaguo la kuweka Linux kando ya Windows na chaguo la kufuta diski nzima, nayo yako ukurasa mmoja. Nilipokuwa naanza kazi hii nilibofya la pili nikidhani ni la kwanza, na picha za harusi za familia ya mteja zikaenda. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini picha hazikurudi. Tangu siku hiyo siigusi laptopu ya mtu kabla sijaiona kwa macho nakala ya faili zake kwenye diski nyingine, na kufungua tatu nne nione kama zinafunguka.

"Diski D imepotea" na "flashi imekula faili"

Linux haihesabu C na D. Kila kitu kiko chini ya shina moja, na diski au flashi unayochomeka huonekana mkono wa kushoto kwa jina lake au ukubwa wake. Diski D ya zamani iko hapo. Ukiweza kuisoma na usiweze kuiandikia, sababu huwa ni kwamba Windows haikuzimwa kikamilifu: imejilaza ili iamke haraka, na Linux kwa usalama haiandiki kwenye diski ya aliyelala. Rudi Windows, zima kipengele cha kuwaka haraka, tatizo limekwisha.

La flashi ni nyeti zaidi. Ukinakili faili kubwa, Linux hulishika kwanza kwenye RAM na kuendelea kuliandika taratibu hata baada ya mstari wa maendeleo kujaa. Ukichomoa hapo umepata nusu ya faili. Bofya alama ya kutoa flashi, ngoja uruhusiwe. Pia, kwenye diski ya Linux yenyewe, Barua.docx na barua.docx ni faili mbili tofauti, na zinaweza kukaa folda moja bila kugombana.

"Saa inaruka, betri ya ndani imekufa"

Mama mmoja wa Kisauni alikuwa amekwisha kulipia betri ya saa mara mbili. Laptopu yake ilikuwa na mifumo miwili. Akitoka Linux saa tano asubuhi, Windows humwambia ni saa mbili asubuhi. Wakati wote tofauti ni saa tatu kamili, na hiyo saa tatu ndiyo inayotoa siri: Mombasa iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Windows huandika saa ya hapa kwenye ubao wa mashine, Linux huandika ya UTC, na kila mmoja anamsoma mwenzake vibaya. Betri iliyokufa isingekosea kwa kipimo kile kile kila siku. Dawa ni mstari mmoja ndani ya kile kisanduku cheusi: timedatectl set-local-rtc 1. Kuanzia hapo Linux nayo hufuata saa ya hapa. Betri zote mbili zilizotolewa zilikuwa nzima.

Yule ustadhi sasa anafika miezi mitano. Juma la kwanza alinipigia simu kila siku, la pili mara mbili. Ijumaa iliyopita baada ya swala alikuja na laptopu ya binti yake. Nakala za faili alikuwa ameshazitoa, na kwenye karatasi ameandika aina ya prosesa, aina ya kadi ya waifai, jina la printa, na programu mbili ambazo binti yake hawezi kuziacha.