Eti watu wa Malaba hawataki Neno

Wiki jana mwinjilisti mmoja kijana kanipigia simu sauti imekauka kabisa, yuko mwezi wa tatu kwenye senta moja huko Busoga, mashariki mwa Uganda, na hakuna anayekuja, anauliza kama ahame. Tuliongea mpaka eataimu yake ikaisha. Naona afadhali niandike, juu hilo swali naulizwa sana, na mimi mwenyewe niliwahi kufunga begi.

Mimi ni mwinjilisti hapa Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, mwaka wa 11 sasa. Kwanza tuelewane, kwetu tukisema watu hawana hamu tunasema nini? Uganda si nchi ambayo haijasikia. Sensa ya 2014 ilikuta Wakatoliki karibu asilimia 39, Waanglikana 32, Wapentekoste 11, sasa wewe ukisimama na spika kwenye steji ya boda unamhubiria nani? Pale kwetu kila mtu ana jina la ubatizo, tuko na kina Petero watatu na mmoja ndiye anauza waragi. Ukimwanzia habari za Yesu anakujibu bila hata kukutazama, mwalimu hiyo naijua, shule ya msingi nilikuwa kwaya. Huyo hajakataa kitu, amezoea tu, na mimi aliyezoea ananisumbua kuliko anayebisha, juu anayebisha angalau anakaa tuongee.

Sasa niwaambie upumbavu wangu. Miezi minane nilikuwa nahubiri na spika saa nane mchana pale traila zinapopanga foleni kusubiri makaratasi ya kastamu. Hakuna aliyesimama, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba mioyo ni migumu. Siku moja mama wa chapati, ndiyo kwanza anakoroga unga, akaniambia mwalimu, hao madereva wamekuja na usiku kutoka huko Nakuru, saa hii wamelala, wewe ndiye unawaamsha. Miezi minane! Hakuna aliyenikasirikia hata, walikuwa wanapandisha kioo tu.

Spika nikaipeleka nyumbani. Nikaanza kwenda saa kumi na moja alfajiri, wakati matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wanawasha sigiri pembeni ya traila na kuweka maji ya chai. Siku za kwanza nilikuwa nakaa tu, nakunywa chai, nalipa chai yangu. Baada ya wiki kama tatu mmoja akauliza hicho kitabu unabeba kila siku husomi? Basi nikasoma. Injili ya Marko, kwa Kiswahili, juu pale kuna Mteso, Mjapadhola, Mnyarwanda, Mkongo na Mkenya na hiyo ndiyo lugha wote wanashikiana. Sura moja kila Jumatano, bila mahubiri, naacha wao waulize. Na wanauliza mambo ya kweli, kwa mfano wale nguruwe elfu mbili waliozama ziwani, nani alimlipa mwenyewe? Sina jibu mpaka leo.

Hii wala si mbinu mpya, ndivyo imani iliingia hapa. Mwaka 1875 yule mpelelezi Stanley alimwacha kwa Mutesa, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, kijana aliyesomea kwa wamisionari Zanzibari, Dallington Maftaa, awe anamsomea Biblia kwa Kiswahili. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, wakafika 1877, mwenzao Mackay akafuata 1878, na Waganda watano wa kwanza upande wa Waanglikana wakabatizwa Machi 1882. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Na Wakristo wa wakati ule watu waliwaita abasomi, wasomaji, maana ndicho walichoonekana wakifanya.

Halafu kuna Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda, huyu napenda kumtaja kwa vijana. Alivuka kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo, mwaka 1896, na chifu wa pale Tabaro hakumtaka, akapigwa, akasingiziwa kesi ya mauaji, akafungwa. Alipotoka akarudi palepale. Tabaro mwenyewe baadaye alibatizwa. Apolo alikufa 1933 na aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kinyume cha desturi, juu alitaka Injili iendelee kwenda huko.

Shida kubwa kwangu haikuwa hata watu wa steji, ilikuwa ripoti. Fomu yetu ya robo mwaka ina kisanduku, waliookoka wangapi. Ukiandika sifuri mara tatu unaanza kuona aibu, mara ya nne unakumbuka yule mzee aliyeitikia amina kwa nguvu, unamwandika. Niliwahi kumwandika. Sasa naandika sifuri na pembeni naongeza majina ya waliosoma, wakati mwingine ni wawili, wakati mwingine mimi na mama wa chapati, na yeye yuko bize.

Na kuna njia ya mkato, tusidanganyane. Lete mafuta ya upako, sema kuna muujiza wa pesa, Jumapili moja utajaza. Mwenzangu mmoja alifanya, sasa hivi amehama na deni la viti. Wengine nao wakiona wiki mbili kimya wanakimbilia ule mstari wa Yesu kwamba wasipokupokea ukung'ute mavumbi ya miguu uondoke. Mimi huwaambia rudini mwanzo wa sura hiyohiyo, Marko 6, Yesu yuko kwao Nazareti na watu wanasema huyu si yule seremala? Walimzoea. Hakuweza kufanya mengi pale, akawawekea mikono wagonjwa wachache, halafu akaendelea kuzunguka vijiji akifundisha.

Jumatano iliyopita kulikuwa na mvua, tulikuwa wawili chini ya turubai, mimi na tanboi mmoja wa Goma anayepita kama mara mbili kwa mwezi. Aliikumbuka sura tulipoishia, mimi nilikuwa nimesahau. Akachukua kitabu akasoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, mara foleni ikasogea, dereva akapiga honi, akarukia traila na Biblia yangu mkononi. Mpaka leo hajairudisha. Nimeazima ya mama wa chapati, ina mafuta kila ukurasa.