Je, kila gari la spoti likizeeka hupanda bei?

Wengi huamini kwamba gari la spoti likitunzwa miaka 20 hugeuka akiba. Imani hii ina chanzo, maana machache yamepanda bei kweli, hasa yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo, yenye gia za mkono na injini yake ya awali. Mengi hushuka bei na kubaki huko.

Kinachosahaulika ni gharama ya kulilaza, yaani kulihifadhi bila kuliendesha. Petroli huanza kuchacha ndani ya miezi michache na kuacha utando kwenye nozeli zinazopulizia petroli ndani ya injini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hivyo hubadilishwa kila miaka 2 hivi. Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, huzeeka hata gari likisimama, na ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu. Hapo faida yote imekwisha.

Kabla ya kununua, tazama bei zilizolipwa mnadani, si zile wauzaji wanazotangaza. Linganisha namba za chasisi na injini na zile zilizo kwenye kadi ya gari. Kisha pitisha sumaku ndogo, iliyofungwa kitambaa, juu ya bodi ya chuma, hasa kwenye matao ya magurudumu: isiponata, chini ya rangi pana puti nene (kijazio cha kuziba mabonde na matundu ya bodi), na mara nyingi kutu.