Sululu ana makao mawili

Nilikulia Lamu, ambako sululu ni ndege wa matope tu. Maji yakipwa unamwona na mdomo wake mrefu uliopinda kama mundu, akichokora kaa. Maji yakijaa analia mara mbili tatu na kuondoka. Hana kiota, hana kinda, hana wimbo. Wengi wa wale wa kwetu hutoka upande wa Urusi na Asia ya Kati, lakini hilo sikulijua. Kwangu alikuwa mgeni asiyesema ametoka wapi.

Ilibidi nifike Northumberland, mkoa wa Uingereza unaopakana na Uskoti, ndipo nimsikie akiimba. Kazi yangu sasa ni kuhesabu ndege na kusoma pete walizovalishwa miguuni, na kila mwaka mwezi Machi nasimama kwenye bonde la Ingram, vidole vimekufa ganzi, nikimngoja. Dume hupaa juu, kisha huteleza chini polepole mabawa yakitetemeka. Sauti huanza kwa mluzi mrefu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mkondo, halafu huongeza kasi mpaka ikachemka kama birika. Hifadhi ya taifa ya hapa imemfanya ndiye nembo yake, nami sishangai.

Huku juu ni milima ya Cheviot, kilele chake kirefu mita 815. Usitarajie msitu. Ni ardhi wazi ya mboji iliyolowa, imefunikwa nyasi ngumu na hetha, kichaka kisichofika kiunoni ambacho Agosti huchanua zambarau mlima mzima. Ufukwe hauko mbali. Kwa gari saa moja haiishi. Wageni huniuliza: ndege wazuri wako wapi, mlimani au baharini? Nawajibu: mwezi gani?

Maana sululu hafuati kalenda yetu. Jike hutaga mayai manne, kwa kawaida, chini kabisa kwenye nyasi. Wote wawili huatamia kwa zamu, karibu wiki nne. Makinda yakianguliwa hutembea na kujitafutia wadudu saa hiyohiyo, na jike mara nyingi huondoka mapema akamwachia baba malezi. Waliopoteza mayai hawangoji kitu. Kwa hiyo mwishoni mwa Juni, watalii wakila aiskrimu kijijini Bamburgh, sululu wa kwanza wameshafika matopeni. Kipupwe chao kimeanza.

Tena si kwamba wote wa mlimani hushuka ufukwe huuhuu. Wengine huvuka hadi pwani za magharibi na Ireland, na nafasi zao hujazwa na sululu wa Finland na Skandinavia. Ukimwona mmoja Januari huwezi kusema ni wa hapa au ni mgeni, mpaka uisome pete yake, naye kwa kawaida husimama kwa mguu mmoja akiuficha ule wenye pete.

Uingereza, Uskoti na Wales pamoja na Ireland ya Kaskazini zina takriban robo ya sululu wote wanaozaliana duniani, na tangu katikati ya miaka ya 1990 idadi yao imepungua kwa karibu nusu. Jambo hili hufichika kwa sababu sululu huishi sana. Wapo waliopita miaka 30. Unaweza kumwona yuleyule kila mwaka ukadhani mambo ni salama, kumbe hajakuza kinda hata moja. Mbweha na kunguru hula mayai, mashine za kukata nyasi hupita mapema, na miti imepandwa palipokuwa wazi. Msitu wa Kielder, ulioanza kupandwa 1926, ndio mkubwa kuliko yote iliyopandwa na watu Uingereza. Furukombe wa samaki wameufaidi: 2009 walizaliana huko kwa mara ya kwanza mkoani baada ya zaidi ya miaka 200. Sululu hakufaidi chochote, kwani haweki kiota karibu na miti anamokaa kunguru.

Hapa kuna neno ambalo wapenda ndege wenzangu hawapendi kulisikia. Sehemu nyingi sululu hufanikiwa pale wenye mashamba ya uwindaji wanapowaua mbweha ili kumlinda grausi, jamaa wa kwale anayepigwa risasi kuanzia tarehe 12 Agosti. Ni mlemle kwenye ardhi za grausi, nchini humu, ambamo mwewe adimu wameuawa kinyume cha sheria. Mimi nayasema yote mawili.

Kekeo naye hufika mwishoni mwa Aprili, hutaga kwenye viota vya kipimanjia, na Juni wakubwa wameanza kuondoka bila kuwaona watoto wao. Tangu 2011 BTO, taasisi ya utafiti wa ndege, imewavalisha baadhi ya kekeo wa nchi hii vifaa vya setilaiti, na ikabainika kuwa kipindi kirefu cha baridi hukipitisha kwenye misitu ya Kongo. Kinda hufunga safari hiyo peke yake, hajaonyeshwa njia na yeyote.

Kiangazi ni cha visiwa vya Farne. Pafini hawana jina kwa Kiswahili. Ni ndege wadogo weusi kwa weupe, mdomo wa rangi kama kanga ya sikukuu, zaidi ya jozi 40,000 wakiishi kwenye mashimo ardhini. Anayenishangaza zaidi ni buabua wa Aktiki. Mmoja wa hapa, aliyefungwa kifaa cha kufuatilia, aliondoka Julai 2015, akapita magharibi mwa Afrika, akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Bahari yetu ya Hindi, akafika Antaktika na kurudi Mei 2016: kilomita 96,000. Usimkaribie bila kofia. Niliwahi kuvaa ile ya vito ya nyumbani, akanidonoa kupitia matundu yake.

Mwaka 2022 mafua ya ndege yaliua maelfu visiwani, na watalii hawakuruhusiwa kushuka tena hadi 2024. Kisiwa cha Coquet, kusini zaidi, kina koloni pekee la kudumu la buabua wa kifua cha waridi katika nchi nzima, jozi mia na kitu. Ndege wa aina hiyohiyo huzaliana kwetu Watamu, kwenye Kisiwa cha Nyangumi. Pale Coquet wamejengewa vijumba vya mbao, kila jozi na chake.

Septemba bata bukini weusi wa Svalbard hutua kisiwa cha Lindisfarne kula nyasi bahari, na kuanzia hapo kitovu cha mkoa ni matope. Maji yakijaa, mara mbili kwa siku, barabara ya kwenda kisiwani hufunikwa, na kila mwaka kuna dereva anayedhani ataiwahi.

Kisha, kabla Februari haijaisha, naenda ghuba ya Budle kuhesabu sululu. Kuna asubuhi nafika nawakuta wamepungua. Hakuna anayewaona wakiondoka. Narudi garini, nabadilisha viatu, nashika njia ya Ingram.