Kifaya: kutosha kwa nani, na kwa kiasi gani

Maiti yuko ndani na kaburi halijachimbwa. Madrasa haina mwalimu wa watoto wadogo. Mgonjwa wa ng'ambo ya pili hana wa kumvusha. Kwa kila moja kati ya haya hakosekani mtu barazani wa kusema, "Hiyo ni faradhi kifaya," yaani wajibu wa wote ambao wakiutimiza wanaotosha huwaondokea waliobaki, akimaanisha kwamba wengine wapo na yeye kashasalimika. Barazani hapo hapo, mvuvi akieleza kuwa pato la kusi, msimu wa upepo wa kusini, halimfikishi popote, ataambiwa akinai, kidogo chatosha. Kauli hizi zasikika kote hapa Amu, yaani Lamu: Mkomani na Langoni, Shela hadi Matondoni, na aghalabu huchukuliwa kuwa hazihusiani. Zinahusiana. Zote mbili zimeligeuza neno la hesabu kuwa neno la moyo.

Kwa ufupi, kifaya ni kutosha: kiasi kinachoikidhi haja mpaka pasibaki upungufu. Kwenye mali, ni kile kinachomtosha mtu pamoja na wanaomtegemea. Kwenye wajibu, ni watu na kazi ya kutosha ili jambo litimie. Maana haina zaidi ya hapo. Taabu iko kwa jirani yake, kinaa.

Kifaya imetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu kafaa, kutosha, na Kiswahili kimekichukua kitenzi chenyewe pia: twasema pato limekifu haja, au halikukifu. Tazama kinachotangulia kitenzi hicho. Ni pato, si mtu. Kinachokifu ni kitu, kinachokifiwa ni haja, na vyote viwili hupimika. Kinaa ina mzizi mwingine kabisa, unaoanza kwa herufi ya Kiarabu qafu, ya kooni, na maana yake ni kuridhika kwa moyo na kile Mungu alichogawa. Anayekinai ni mtu, pato halikinai. Lakini midomo yetu haitenganishi sana qafu na kafu, zote huishia kuwa k, kwa hivyo maneno haya yameingia Kiswahili yakifanana sura. Juu ya hayo, Kiswahili kimekiongezea kitenzi kukinai maana ya kushiba hadi kuchoka, kama mtu aliyekula halua mpaka hataki tena kuiona. Ndipo ikawa rahisi mtu kusikia "amekinai" akafahamu "ameshiba", ilhali aliyekinai aweza kulala na njaa na kinaa yake ikawa ya kweli.

Kinaa ni sifa njema, wala hakuna haja ya kuipunguzia heshima. Mtume amefundisha kuwa utajiri si wingi wa vitu, utajiri ni wa nafsi. Ila mafundisho hayo yanamsemesha mwenye nafsi. Hayampi jirani ruhusa ya kuipima nafsi ya mwenzake ili aamue kumpa au kumnyima. Ushahidi wa hili uko wazi katika Sura ya Hajj, aya ya 36, penye hukumu ya nyama ya wanyama wa kuchinjwa: kuleni, na mumlishe al-qaani' na al-mu'tarr. Wafasiri wamehitilafiana. Wako waliosema wa kwanza ni yule aliyekinai asiyeomba, na wa pili ni anayejipitisha ili apewe. Wengine wakasema wa kwanza ndiye mwombaji. Kwa tafsiri zote mbili, asiyeomba amo kwenye orodha ya kulishwa. Kunyamaza kwake hakukufuta fungu lake. Sura ya Baqara, aya ya 273, yazidi kueleza: wapo mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Watu wa namna hii Amu wamejaa. Mtu hutoka kanzu yake imefuliwa na kofia yake imenyooka, na kwake chungu hakijatelekwa tangu jana. Anayegawa kwa kufuata sauti ya malalamiko atamruka huyu kila Ramadhani.

Basi kifaya hupimwaje? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani hii, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameieleza kuwa ni chakula, mavazi, makazi na kila kisichoepukika, kwa namna inayolingana na hali ya mtu, bila israfu na bila ubanaji, yeye mwenyewe na wale anaowajibika kuwatunza. Sehemu ya mwisho ndiyo husahauliwa kwanza. Pato la mtu mmoja halisemwi kuwa latosha au halitoshi mpaka zihesabiwe roho zinazokula kwalo, na hapa kwetu hesabu hiyo mara nyingi inaingiza mama mzee na watoto wa ndugu aliyefariki. Na "kisichoepukika" hubadilika na zama: leo karo, dawa ya kila mwezi ya mwenye sukari, na nauli ya boti kwenda na kurudi Mokowe vimo ndani.

Kisha jumlisha haja, weka pato kando yake, ulinganishe. Ambaye pato na mali yake havifikii nusu ya haja ni fakiri. Aliyefika nusu au kuipita, lakini hajakamilisha, ni maskini. Chukua nyumba ambayo haja zake za mwezi ni shilingi 30,000. Ikiingiza 12,000, mwenyewe ni fakiri. Ikiingiza 22,000, ni maskini. Ikifika 30,000, kifaya imetimia, na hapo ndipo mtu anapotoka kwenye fungu la kupokea zaka, hata kama hana ziada ya senti tano.

Kosa linaloharibu hesabu hii Lamu ni la msimu. Mvuvi wa dau au mashua ndogo hupata wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na nje ya mlango wa bahari kwapitika. Kusi ikipiga, hubaki kwenye mikono ya bahari na kando ya mikoko, na samaki hupungua. Ukimhesabu mwezi wa Januari utaona katosheka. Ukimhesabu mwezi wa Juni utaona hana kitu. Hesabu sahihi huchukua mwaka mzima, ikatoa kwanza nyavu zilizochanika, mafuta ya mashine na sehemu ya mwenye chombo, ndipo ikagawanya kwa kumi na mbili. Pato la mvuvi ni kile kinachofika nyumbani, wala si kile kinachopimwa kwenye mizani ya tajiri wa samaki.

Kosa la pili ni kuichanganya kifaya na nisabu. Nisabu ni mpaka wa kutoa zaka: gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, au thamani yake, zikikaa mwaka wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5. Kifaya ni mpaka wa kupokea. Kwa Mashafi mipaka hii miwili haikai mahali pamoja, na mtu mmoja aweza kuwa upande wa kutoa na wa kupokea kwa wakati mmoja. Mwenye duka dogo ambaye bidhaa zake zinafikia nisabu atatoa zaka yake, na ikiwa faida ya duka hilo hailishi watu wanane anaowatunza, ana haki ya kupewa. Vivyo hivyo anayeishi kwenye nyumba ya mawe ya urithi. Watu humwambia aiuze, wanunuzi wa kigeni wapo. Sheria haikumwambia hivyo: nyumba anayokaa inayomfaa, nguo zake na vyombo vya kazi yake havimtoi kwenye ufakiri. Na zaka ya fitri ina kipimo chake kingine, chepesi zaidi: pishi moja, yaani vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele kwa kila roho, na anayewajibika ni yeyote aliye na ziada juu ya chakula cha usiku na mchana wa Idi. Kutoa fitri hakumfanyi mtu kuwa tajiri mwaka mzima.

Lililo muhimu zaidi ni kiasi cha kutolewa, na hapa ndipo ugawaji wetu unapokwenda kombo. Desturi ni kuzichukua fedha za zaka, kuzipasua noti za mia tano, na kuwagawia watu mia tatu. Kila mmoja anapata futari ya siku mbili, na mwaka ujao foleni ni ile ile. Wanavyuoni wa Shafi walisema fakiri apewe kile kitakachomfikisha kwenye kifaya na kumtoa kwenye haja. Mwenye ufundi anunuliwe vifaa vya ufundi wake. Mwenye biashara apewe mtaji unaoendana na biashara hiyo, na mifano waliyoitoa ni ya wazi: muuza mboga dirhamu tano au kumi, muuza johari elfu kumi ikiwa kazi yake haisimami kwa chini ya hapo. Asiye na kazi wala biashara apewe kinachomtosha umri uliobaki kwa kawaida ya watu, kwa mfano kwa kununuliwa shamba au mlango wa kukodisha. Kauli nyingine ndani ya madhehebu hayo hayo inasema mwaka mmoja. Ni kweli pia kwamba madhehebu yanataka kila fungu la wapokeaji zaka lipate watu wasiopungua watatu. Watatu, hawakusema mia tatu. Wavuvi watatu waliopewa mashine na jarife (nyavu) za kuwatosha wanaweza mwaka wa pili kuwa upande wa watoaji.

Fidia, kwa upande wake, ni mlango mwingine na haifai kuingizwa humu. Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua Aprili 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya ya Lamu, kipimo kilikuwa hasara waliyopata, wala si haja zao. Ukigawa sawasawa ni kama shilingi 380,000 kwa kila mmoja. Kumwambia mvuvi huyo akinai ni kukosea mara mbili, maana fidia ni deni, na deni hulipwa hata kwa aliyetosheka.

Turudi kwenye wajibu. Faradhi kifaya ni jambo lililowajibika kwa wote, likitimizwa na wanaotosha dhambi huwaondokea waliobaki. Lisipotimizwa, wote wenye uwezo waliojua wakaacha wana dhambi. Sharti ni kutimia. Kuwapo kwa watu mjini hakujawahi kuwa sharti. Na idadi inayotosha hufuata kazi yenyewe. Salamu iliyotolewa kwa kundi, akijibu mmoja imetosha. Sala ya jeneza, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, mtu mmoja anatosha kuiondoa faradhi. Kuosha, kukafini (kuvika sanda), kuchimba na kubeba huhitaji mikono zaidi, na hakuna anayehitimu kusema imetosha mpaka kaburi lifukiwe.

Kuna faradhi ambazo wanavyuoni walizipima hata kwa masafa. Walitaka pawepo mufti, yaani mtoa fatwa, katika kila masafa ya kukasiri sala, yale ambayo msafiri huruhusiwa kuifupisha, na kadhi katika kila masafa ambayo mtu akitoka asubuhi mapema ataweza kwenda na kurudi kwake siku ile ile. Kipimo hiki cha pili kinafaa sana visiwa vyetu. Mtu wa Kizingitini au Kiwayu mwenye shauri la talaka au mirathi hana barabara ya kumfikisha Amu. Ana bahari, na bahari ina maji kujaa na maji kupwa. Ikiwa safari yake inamlaza njiani, basi kwa kipimo hicho kifaya ya ukadhi haijamfikia, hata kama kadhi yupo Amu na ofisi iko wazi kila siku.

Tiba ni hivyo hivyo. Utabibu, kilimo, ufundi na kila kazi ambayo jamii haisimami bila hiyo vimehesabiwa kuwa faradhi kifaya, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alilalamika kwamba kuna miji isiyo na tabibu hata mmoja wa Kiislamu huku watu wakisongamana kwenye mabishano ya fikihi ambayo tayari yalikuwa na wenyewe. Mji wenye hospitali haujatimiza wajibu kwa kuwa jengo limesimama. Hesabu ni ya wakunga kwa wazazi, ya boti ya wagonjwa kwa visiwa, ya mtu anayejua kutia dripu usiku wa manane. Mwanafunzi wa Faza anayetaka kusomea uuguzi anaingia kwenye faradhi iliyopungukiwa, na wazazi wanaomwambia "wauguzi wapo" wangefanya vyema kuuliza kwanza ni wangapi, na wako wapi.

Kwa hivyo anayesema "hiyo ni faradhi kifaya" amesema sawa, ila sentensi yake haijakwisha. Aimalizie: imekifiwa au bado? Akiwa hajui, ainuke akaulize kaburini kama wachimbaji wametosha. Na anayetaka kumwambia mwenziwe akinai, amuulize kwanza wako wangapi nyumbani, na kusi hii wameingiza nini.