Uhandisi wa bahari si wa watu wa pwani peke yao

Wahitimu wengi wa uhandisi hapa Nairobi wanaamini kwamba shahada ya uzamili ya uhandisi wa pwani na bahari ng'ambo ni ya waliosomea mambo ya bahari tangu mwanzo. Imani hiyo inaeleweka. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Lakini kwa kawaida, programu hizi hupokea wahitimu wa uhandisi wa ujenzi au wa mitambo. Kinachotazamwa sana ni hisabati na mekanika ya viowevu, yaani jinsi maji na viowevu vingine vinavyokwenda. Chukua wimbi refu linalokaribia ufuo: zidisha kina cha maji, kwa mita, mara 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu; hiyo ndiyo kasi yake. Kwenye kina cha mita 10 linakwenda karibu mita 10 kwa sekunde. Kwenye mita 2.5, karibu mita 5. Likipunguza mwendo hivyo, huinuka, kisha huvunjika. Aliyesanifu mfereji wa maji ya mvua ameshaikuta kanuni hiyohiyo.

Usitegemee maneno ya mawakala. Fungua ukurasa wa chuo chenyewe, soma sifa za kujiunga, kisha linganisha masomo yanayotakiwa na yaliyo kwenye nakala yako ya matokeo. Angalia pia karo ya wanafunzi wa kigeni, maana mara nyingi ni tofauti na ya wenyeji, na uthibitisho wa fedha unaodaiwa kwenye viza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ugumu hasa. Ukiwa na pengo la somo moja tu, waandikie wasajili wa chuo uwaulize.